Panga jipya linachubua kiganja, la zamani halichubui: tatizo ni mpini au ni mkono?

#1 Mkata Majani wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Hapa nyumbani nina mapanga mawili. Moja aliniachia marehemu mzee, mpini wa mbao uliokoza weusi kwa jasho la miaka. La pili nimelinunua Mbuyuni mwaka huu, mpini wa plastiki, urefu karibu ule ule. Yote nayanoa mwenyewe, kwa tupa ile ile.

La mzee nakata majani ya ng'ombe asubuhi nzima, nageukia migomba, naparua na msale, ule mmea wa uzio, uliofunga njia, mkono unabaki salama. Jipya likifika saa moja tu, malengelenge mawili: chini ya kidole kidogo, na pale katikati ya gumba na shahada. Mvua ikinyesha ndiyo balaa, linazunguka mkononi kabisa.

Mimi nasema wanaotengeneza mapanga ya siku hizi hawajawahi kulishika shambani. Wanafikiria bati tu, mpini wanabandika mwishoni. Mwenye hoja tofauti aje.

#2 Chalii wa Unga Ltd
Mangi, mkono umelainika. Umekaa mjini sana. Kata wiki mbili, sugu zikiota hutauliza tena.

#3 Mkata Majani wa Kibosho
Chalii, sugu ninazo tangu darasa la nne. Na mkono ni huu huu mmoja kwa mapanga yote mawili. Ungekuwa mkono ndio tatizo, la mzee nalo lingenichubua.

#4 Seremala wa Pasua
Mleta uzi yuko sahihi, ila sababu hajaimaliza. Mipini natengeneza kila wiki, ya majembe, shoka na mapanga, na malalamiko haya nayasikia mno.

Kwanza umbo. Shika panga la mzee, ufumbe macho, uzungushe mpini polepole. Utagundua si mviringo, umebanwa ubavuni kama yai. Umbo hilo linakuambia makali yameelekea wapi bila kutazama, na ukipiga gogo pembeni haligeuki. Mpini wa mviringo kamili unageuka kila pigo. Kila ukigeuka unaukaza mkono kuuzuia, na ngozi inasagwa hapo.

Pili, plastiki inamiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Pita na ukucha juu na chini ya mpini, utakuta mstari mwembamba uliosimama. Huo mshono ndio unaokula ngozi. Na ukiangalia uko wapi, uko sawasawa na lengelenge lako la gumba na shahada.

Tatu, mwisho wa mpini. La mzee bila shaka lina kinundu kilichopinda kwenda chini. Kinashikwa na kidole kidogo, panga linakaa mkononi lenyewe. Kisipokuwepo, ama kikiwa na kona kali, unaumia chini ya kidole kidogo. Malengelenge yote mawili nimekupa maelezo yake.

#5 Mama Kihamba
Asante fundi, na naomba niongeze la upande wetu. Mapanga yote ya dukani yametengenezwa kwa viganja vya wanaume wakubwa. Sisi tunaokata majani kila siku ndio wengi huku mlimani, na mikono yetu midogo. Nikishika mpini wa dukani vidole havikaribii kugusana na kiganja, kwa hiyo nabana kwa ncha za vidole. Jioni siwezi hata kukamua ng'ombe.

Nilichukua kisu nikauchonga mpini pande zote mbili, nikamalizia kwa kioo cha chupa. Sasa ncha za vidole zinafika karibu na shina la kidole gumba bila kuchimba. Nakata bila shida.

#6 Meku wa Mamba
Vijana mnazungumzia mbao na plastiki, chuma mmekisahau.

Huku Mamba, Marangu, tunafua chuma toka enzi za mababu. Panga ukiliweka juu ya kidole kimoja, lina mahali linasimama bila kuanguka. Mahali hapo pakiwa mbele sana ya mpini, kila ukiliinua kifundo cha mkono ndicho kinabeba. Unachoka, unakaza, unachubuka. Pakiwa nyuma sana, panga halina nguvu ya kukata, unaongeza nguvu yako, unachubuka vile vile.

La kiwandani ni bati la milimita 2 hivi, unene ni ule ule toka shingoni hadi nchani. Fundi anayejua kazi anapunguza unene kuelekea ncha. Hata akitumia springi ya gari, ambayo ni nene, anaifua mpaka inakuwa nyembamba mbele na nene shingoni. Panga namna hiyo hata mpini wake ukiwa wa hovyo, mkono unavumilia.

Mleta uzi, panga la mzee wako limenolewa miaka mingapi? Kila unapolinoa bati linapungua upana. Limekuwa jepesi mbele, ndiyo maana linakufaa. Mpini usipewe sifa zote.

#7 Seremala wa Pasua
Shikamoo Meku. Nakubali uzito una nafasi yake, lakini uzito hautoboi ngozi pale pale penye mshono. Mahali pa lengelenge panasema kitu.

#8 Mwana wa Arusha Chini
Baba yangu alikata miwa TPC, lile shamba la miwa la Moshi, miaka mingi. Kule mtu anakata toka alfajiri, hakuna wa kulalamikia mpini. Siri yao ilikuwa makali na ushikaji.

Makali: panga butu linagonga, halikati. Ule mshindo hauna pa kwenda ila mkononi. Yeye alikuwa na tupa kiunoni, anapitisha mara kwa mara. Ushikaji: gumba na shahada ndivyo vinashika, vile vingine vitatu vimelegea. Panga likikaribia muwa ndipo unavifunga. Likipita, unavilegeza. Wanaochubuka ni wale wanaokaba panga toka mwanzo hadi mwisho kama wanamkaba mwizi.

Na mapanga yenyewe yalikuwa bora, yale ya Mjerumani yenye alama ya mamba. Waingereza waliofungua lile shamba walijua kuchagua zana.

#9 Msoma Lebo
Mkuu namba 8, sehemu ya makali nimeipenda, lakini historia tuiweke sawa. TPC haikuanzishwa na Waingereza. Ilianzishwa na Mdenmark, A.P. Møller, yule wa meli, miaka ya 1930. Na mapanga yenye alama ya mamba hayakuwa ya Mjerumani, yalikuwa ya Ralph Martindale wa Birmingham, Uingereza. Kwa hiyo Mwingereza wako yupo, ila umemweka shambani badala ya kumweka kiwandani.

Tramontina nao, ambao mapanga yao yanaonekana madukani, ni Wabrazili, wapo tangu 1911. Naandika hivi kwa sababu kila uzi wa zana lazima mtu aseme chochote kizuri ni cha Mjerumani.

#10 Mwana wa Arusha Chini
Sawa, shukrani. Lakini la vidole vitatu libaki kama lilivyo, hilo halihitaji Mdenmark.

#11 Nyama Choma Njiro
Sisi wa buchani tunakata mifupa juu ya gogo kuanzia asubuhi, na shida yetu ni nyingine: mafuta. Mkono una mafuta, mpini una mafuta, na mbele yako kuna mteja. Mpini laini uliopigwa vanishi, uwe wa mbao au plastiki, ni hatari tupu. Panga likichomoka hapa haliangukii majani.

Nilichofanya, nilikwangua vanishi yote. Mbao iliyo wazi, iliyopigwa msasa bila kung'arishwa, inashika mkono hata ukiwa na mafuta. Wengi hawajui kwamba vanishi inateleza ukilowa na inanata ukiwa mkavu. Ikinata, ngozi inavutwa, lengelenge linatoka. Kwa hiyo fundi namba 4, mshono sawa, lakini hata mpini wa mbao usio na mshono unachubua ukiwa na vanishi.

Vijana wengine hapa wanafunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Unashika vizuri sana. Tatizo damu inaingia chini yake, inanuka, na bwana afya akipita hapendi. Mimi naosha mbao kwa maji moto na sabuni, naanika.

#12 Orkeri
Sopa wakuu. Mnazunguka mbali wakati jibu liko Ngaramtoni siku ya soko. Tazameni sime, lile panga fupi la Kimaasai. Mpini mdogo, mfupi, na umevikwa ngozi ya ng'ombe. Ngozi inashonwa ikiwa mbichi, bado imelowa. Ikikauka inajikaza yenyewe, hakuna gundi, hakuna msumari. Jasho inalinywa, haitelezi. Na bati la sime limepanuka kuelekea ncha, uzito uko mbele, mnasema hiyo inachosha. Mbona sisi haituchoshi? Ilkunono wanaofua wanajua wanachofanya.

#13 Meku wa Mamba
Orkeri, sime ni fupi. Uzito mbele kwenye kitu kifupi haubebwi sawa na uzito mbele kwenye panga refu. Na sime huikati nayo majani ya ng'ombe kutwa nzima mgongo ukiwa umeinama. Kila chuma na kazi yake.

#14 Orkeri
Hapo sawa mzee. Ila ngozi mbichi ifungeni kwenye hayo mapanga yenu, mtaniambia.

#15 Mama Kihamba
Ngozi mbichi huku kwetu masika italowa tena na kulegea. Kibosho na Machame kuanzia Machi hadi Mei ni mvua na matope. Itafaa Longido, huku haifai. Labda uipake mafuta mengi.

#16 Viungo na Mifupa
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, niseme la mwili. Lengelenge ni la juu tu, linapona. La kuogopa ni ganzi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono kwenda kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kile cha pete. Ukikaba mpini kwa nguvu muda mrefu huku kifundo kimepinda, mshipa huo unabanwa. Usiku unaamka vidole vimekufa ganzi, unapunga mkono ndipo damu inarudi, au ndivyo mtu anavyohisi.

Mpini mwembamba mno unakufanya ubane zaidi, mnene mno unakufanya ubane zaidi. Kwa watu wengi unene wa sentimita 3 hadi 4 ndio unaomaliza kazi kwa nguvu ndogo. Mama namba 5 amefanya jambo sahihi kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, na ganzi ikimpata asiseme ni uchovu wa kukamua, aende hospitali.

#17 Chalii wa Unga Ltd
Sasa uzi umefika hospitali. Mimi nilisema sugu tu.

#18 Mdau wa Visu
Naufuatilia uzi huu kwa furaha kubwa maana mambo haya nayasoma sana. Wenzetu wa mbali wana shida ile ile na wamejibu kwa njia tofauti kabisa.

Khukuri ya Nepal, ile iliyopinda ya wanajeshi wa Gurkha, mpini wake wa mbao au pembe ya nyati una kigongo kama pete katikati. Kigongo kinakaa kati ya vidole, mkono hauendi mbele. Mwisho wa mpini umepanuka, hautoki ukipiga kwa nguvu. Lakini wapo wanaoilalamikia pete hiyo hiyo kwamba inachimba vidole vyao, hasa wenye mikono minene. Yaani kitu kinachomsaidia mmoja ndicho kinachomuumiza mwingine.

Parang ya Malaysia mpini umepinda kwenda chini. Ukikata, kifundo kinabaki kimenyooka, na mpini unajikita kiganjani badala ya kuchomoka. Daktari wa namba 16 atalipenda hilo.

Kwa hiyo hata kinundu cha fundi namba 4 si sheria. Kinamfaa anayeshika nyuma kabisa. Anayependa kusogeza mkono karibu na bati ili akate vitu vidogo, kinundu hakigusi hata.

#19 Seremala wa Pasua
Mdau, asante, nimejifunza. Ngoja nirudi kwenye jambo la mbao ambalo Nyama Choma ameligusa nusu.

Mpini wa mbao wa dukani ni vipande viwili vimebana chuma katikati kwa ribiti. Siku unanunua, mbao na chuma viko sawa. Ukishuka nalo Moshi mjini kiangazi, mbao inakauka na kusinyaa. Chuma hakisinyai. Ukingo wa chuma unabaki umesimama juu ya mbao, na ribiti nazo zinachomoza. Unashika ukingo wa bati kwa kiganja kitupu. Masika mbao inavimba, unadhani limepona. Kiangazi linarudi.

Watu huliloweka kwenye ndoo usiku kucha ili mbao ivimbe. Linakaza kwa muda, likikauka linasinyaa tena, na maji yameshaingia kwenye ribiti, kutu inaanza. Dawa ni kupiga tupa ule ukingo na vichwa vya ribiti vilingane na mbao, kisha mafuta. Mafuta ya kitani yakipatikana ndiyo bora, yanakauka ndani ya mbao. Unapaka, unafuta, unaacha, unarudia.

#20 Kahawa Chungu
Mafuta ya alizeti je? Yapo jikoni.

#21 Seremala wa Pasua
Yanasaidia, ila yanachelewa sana kukauka, mpini utanata siku kadhaa. Paka kidogo mno, ufute kabisa. Nta ya nyuki ukiipata, yeyusha uchanganye.

#22 Mkulima wa Hai
Na mbao yenyewe iwe gani? Mimi naona mringaringa umejaa huku, unachongeka vizuri.

#23 Meku wa Mamba
Mringaringa ni wa vigoda na mizinga. Mwepesi, laini. Mpini wa mringaringa utapondeka kwenye shingo. Mpera, kijana. Mpera mkavu, uliokatwa na kuanikwa kivulini, sio juani, jua linaupasua. Mpera unapinda kidogo bila kuvunjika na unapokea mshindo.

#24 Kahawa Chungu
Mimi nitasimama na mkahawa. Watu wanang'oa mikahawa mizee wanachoma kuni, na shina lake ni gumu, zito, na linang'aa lenyewe kwa mkono bila vanishi. Mpini wangu ni wa mkahawa tangu tulipong'oa shamba la bibi. Mpera nao mzuri, ila mdudu anaupenda.

#25 Mkulima wa Hai
Shina la mkahawa si jembamba?

#26 Kahawa Chungu
Mkahawa uliozeeka kwenye kihamba, shamba la nyumbani, una shina la kutosha mpini wa panga bila shida. Wa jembe ndio hutapata, hauna urefu ulionyooka.

#27 Nyama Choma Njiro
Swali dogo. Kamba ya kuvisha kifundoni, mnaitumia? Mapanga mengi yana tundu mwishoni mwa mpini.

#28 Mwana wa Arusha Chini
Usivae. Likiteleza likiwa na kamba haliendi mbali, linazunguka linakurudia mkononi au mguuni. Acha lianguke.

#29 Mdau wa Visu
Si lazima ivae kifundo chote. Wengine hupitisha kamba kwenye gumba tu na nyuma ya kiganja. Ukifungua mkono, kamba inatoka na panga linaondoka. Inapunguza pia haja ya kukaba.

#30 Mwana wa Arusha Chini
Na siku kamba isipotoka?

#31 Mama Kihamba
Tundu hilo ni la kutundikia ukutani mbali na watoto. Mimi ndivyo ninavyolitumia na ninaomba kila mwenye watoto alitumie hivyo.

#32 Mkata Majani wa Kibosho
Wakuu nimerudi na majibu ya shambani. Nimeondoa mshono kwa tupa na msasa namba 80, nikamalizia na 120. Fundi namba 4, ulikuwepo palepale. Kati ya gumba na shahada pametulia, hakuna lengelenge. Lakini chini ya kidole kidogo bado, na bado linazunguka, hasa ninapokata mgomba. Utomvu ukishafika mkononi, mara linateleza, mara linanata.

Nimejaribu na vidole vitatu vya kulegeza. Kwenye majani laini inafanya kazi vizuri sana. Kwenye msale mgumu nashindwa, mkono unakaza wenyewe.

Nimelipima kwenye kidole kama Meku alivyosema. La mzee linasimama karibu na mpini, jipya linasimama mbele zaidi. Kwa hiyo Meku naye yumo.

#33 Kushoto wa Sanawari
Mimi ni wa mkono wa kushoto na nimesoma wote, hakuna aliyegusa upande wa makali. Mleta uzi, unanoa pande mbili au upande mmoja? Wengi wananoa upande mmoja tu, ule unaomfaa mtu wa kulia. Nikilishika mimi, kila pigo bati linakimbilia ndani, na mpini unageuka kiganjani. Miaka yote nilidhani ni mpini. Kaka yangu alipolinoa pande zote sawa, kuzunguka kukaisha. Mpini haukuguswa.

#34 Mkata Majani wa Kibosho
Upande mmoja. Yote mawili, ndivyo mzee alivyonifundisha, na la kwake halizunguki.

#35 Seremala wa Pasua
La kwake mpini wake ni yai, unalizuia bila kujua. Umerudi kwenye umbo.

#36 Kushoto wa Sanawari
Au la kwake limekwisha upana, bati halina nguvu ya kuvuta tena.

#37 Chalii wa Unga Ltd
Au la kwake limezoea mkono wake, na mkono umelizoea. Sugu, nawaambia.

#38 Meku wa Mamba
Kabla hamjaendelea, kuna kitu nataka kukiona. Mapanga ya zamani mengi, shingo ilikuwa imepindishwa kidogo kwenda chini, na hata kama halikuja hivyo, mzee mwenye akili alilipeleka kwa mhunzi likapindishwa. Mleta uzi, laza yote mawili mezani, mgongo kwa mgongo, upige picha kutoka juu, shingo na mpini vionekane vyote. Usinipigie bati peke yake.

#39 Mkata Majani wa Kibosho
Sawa Meku, kesho mchana nikitoka kulisha naweka picha.